Mpunga wa Mkondo Mkavu

Garsen, 6 Agosti 1951

Baba Mkubwa Mwalimu Chande,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi kibarazani na si kitandani, maana Mama Kabibi aliniandikia kwamba goti lako sasa limekataa hata kwenda kanisani. Mpe Mama salamu zangu. Sisi huku Garsen tupo. Mto umepungua sana. Pantoni inakwama mchangani, na wenye ng'ombe wanakaa kivukoni siku mbili tatu wakibishana nani aliwahi. Shangazi Kadii yuko Kulesa, anakusalimu.

Baba Mkubwa, nina shida ndogo ya kazi. Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali tuliyeletewa mwezi wa tano, ni kijana, na anapenda ripoti fupi. Juzi aliniita, akanishikia karatasi zangu tatu mbele ya uso.

"Karani," aliniambia, "kiboko wako ni 'strange'. Chifu wako ni 'strange'. Mvua yako nayo ni 'strange'. Wilaya nzima iko hivyo, au wewe una neno moja tu?"

Sora, tarishi wetu, alicheka mpaka akashika ukuta, naye hajui Kiingereza hata cha kuombea maji.

Wewe ndiye uliyenifundisha lugha hii tangu nikiwa na miaka kumi. Nakuomba unipangie maneno ya Kiingereza ya kuelezea jambo lisilo la kawaida, pamoja na uzito wa kila moja. Nafasi ya mkalimani mkuu imetangazwa Galole, na Bwana Shauri ndiye atakayeniandikia barua ya kunisifu au kuninyima. Kuna ripoti ya mtu mmoja wa huku na mambo yake, nayo inangoja neno zuri. Si jambo kubwa.

Mimi mwanao,
Dhadho Komora


Ribe, 25 Agosti 1951

Mwanangu Dhadho,

Marahaba. Barua yako ilinikuta kibarazani kweli, ila nilikuwa hapo tangu asubuhi kwa sababu kuinuka ni kazi. Mama Kabibi amepokea salamu zako. Anasema katika picha uliyotuma umekonda, na kwamba ofisi haipiki. Watoto wa shule wanapita hapa saa saba mchana na kunisalimu kwa "Good morning". Salamu hiyo nimeifundisha miaka thelathini na miwili. Nimechoka, lakini mtu akiniuliza neno bado naamka.

Anza na 'unusual'. Hilo halimlaumu mtu. Kiboko akionekana sokoni mchana ni 'unusual', basi, kwa kuwa hatujazoea kumwona pale. Ukiwa na shaka, tumia hilo na ulale.

'Odd' ni tofauti kidogo. Mfikirie mtu aliyepoteza kiatu kimoja kivukoni. Kile kilichobaki ni 'odd'. Hakina kosa lolote, kimekosa mwenzake tu.

'Peculiar' asili yake ni Kilatini, na huko kwanza lilihusu mali ya mtu mwenyewe, na zamani zaidi ng'ombe. Mwambie Wario, yule karani mwenzako wa Kiorma, mtu wa ng'ombe, atalipenda. Jambo 'peculiar' ni la mtu huyo peke yake, hulikuti kwa jirani.

'Eccentric' litazame kama gurudumu. Tundu la katikati likitobolewa pembeni, gurudumu litazunguka lakini kwa kurukaruka. Mtu wa namna hiyo anafika anakokwenda, ila hafiki kama wengine.

La mwisho nakutajia ili uliogope. 'Abnormal' lina ndani yake jina la kile kipimo cha pembe cha seremala. Ukisema mtu yuko hivyo, umekwisha kumwekea kipimo na kumkuta amepinda. Madaktari ndio wenye neno hilo. Wewe si daktari.

Sasa niambie, mtu huyo ni nani? Neno la kueleza mvua si neno la kueleza mtu. Mvua haisomi ripoti, wala haichukuliwi popote kwa sababu ya ripoti.

Tena, mchele wa Kadii wa msimu huu haujafika. Kila mavuno huniletea kibaba kimoja mkononi mwa msafiri. Si njaa inayoniuliza. Nataka kujua kama bado anapanda.

Baba yako mkubwa,
Chande


Garsen, 17 Septemba 1951

Baba Mkubwa,

Shikamoo, na pole kwa goti. Hapa joto limezidi, na mamba amemchukua ndama wa Warsame mwenye duka pale pale pantoni inapofungwa. Mwambie Mama Kabibi nakula.

Maneno yako nimeyabandika juu ya meza yangu. Bwana Shauri alipenda 'peculiar', akaniuliza nimelitoa wapi. Kwa yule mtu wa ripoti nilijaribu 'eccentric'. Alicheka sana.

"Eccentric? Shangazi yangu mimi ndiye eccentric," alisema. "Ana mbwa kumi na wanne na wanakula naye mezani. Huyu wako hana hata meza."

Kwa hiyo bado nina shida, na acha nikueleze mambo yenyewe. Mtu huyu anapanda mpunga katika mkondo ambao mto uliuacha mwaka wa arobaini na tano. Siku hizi ni mchanga na magugu tu. Kila msimu anasafisha, anachimba vishimo, anatia mbegu, kisha anapanda juu ya dungu kufukuza ndege. Ndege wenyewe hawaji, maana hakuna cha kula. Watoto wamemtungia wimbo.

Sasa serikali inataka kupitisha hapo njia ya ng'ombe ya kufika kivukoni, na wapima ardhi walipigilia vigingi. Kesho yake mtu huyu aliving'oa vyote, akavifunga kwa kamba kama kuni, akavipeleka kwa chifu. Alibisha hodi vizuri. "Wageni wenu wamesahau vitu vyao," akasema.

Tulikwenda huko na Bwana Shauri. Nilimuuliza mbele ya watu kwa nini anapanda penye mchanga. Akanielekezea kidole, akawaambia wengine, "Muulizeni huyo karani." Watu wakacheka. Wazee walikuwa wamekaa pale, na hakuna aliyefungua kinywa. Basi nikamtafsiria Bwana Shauri kwamba hana jibu la maana.

Unaona ilivyo. Akiwa na akili timamu, basi amevunja amri, na shamba lake litabidi lizungumzwe. Akiwa hana, pale hapana shamba, na njia itapita. Nahitaji neno lililo kati. Lipo?

Shangazi hajambo. Ana shughuli za shamba.

Dhadho


Ribe, 9 Oktoba 1951

Mwanangu,

Marahaba. Mama Kabibi ana kikohozi na hataki dawa ya zahanati, anakunywa majani yake mwenyewe. Mimi nimepata fimbo ya pili, kwa hiyo sasa natembea kama mnyama. Pole kwa ndama wa Warsame.

Umeniandikia kurasa mbili kuhusu mtu huyu, lakini hukunitajia jina wala umri, wala kama ni mwanamume au mwanamke. Nilikufundisha kuandika barua, na najua hukusahau. Sitakuuliza tena ni nani.

Bwana Shauri amekueleza jambo la Kiingereza ambalo mimi sikulieleza, na ni kosa langu, kwa sababu katika kamusi halimo. Yule shangazi yake mwenye mbwa ana nyumba, na nyumba ina hati, na hakuna atakayekuja kumuuliza kwa nini. Neno 'eccentric' hupewa mtu ambaye hakuna awezaye kumhamisha. Mwondolee nyumba na hati, umwachie mbwa wale wale, utasikia anaitwa jina jingine.

Unaniuliza neno la kati. Lipo 'unconventional'. Maana yake ni mtu anayeijua desturi ya wenzake na bado anaiacha. Lakini ili ulitumie sharti uijue desturi yenyewe kwanza. Unaijua? Umekaa mtoni miaka kumi ya utoto, na mingine yote umeikaa kwangu na ofisini.

Rudi huko peke yako. Vua kofia. Keti chini, uulize tena, na ulichojibiwa ukiandike kama kilivyo. Karatasi ikishapigwa taipu haina masikio tena. Inakwenda meza hadi meza, na kila anayeipokea anasoma lile neno moja tu.

Kuna jambo la mwaka wa arobaini na tano ambalo ningepaswa kukwambia ulipomaliza shule. Nilitaka kukwambia kwa mdomo. Naona mdomo wangu na goti langu ni kitu kimoja, havisogei. Nitakuandikia nikipata nguvu. Kwa sasa usitume ripoti kabla hujanijibu.

Chande


Garsen, 2 Novemba 1951

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Mvua ya huku imekuja kabla ya siku zake. Barabara ya Malindi imekatika sehemu mbili na posta haijaingia wiki ya tatu. Barua hii naituma tu, sijui itakufikia lini. Sijapata jibu lako.

Sikuweza kungoja. Bwana Shauri alikuwa anakwenda Kipini na alitaka faili lifungwe. Aliniuliza nikiwa nimesimama mlangoni, "Neno moja, karani. Ni mwendawazimu au siye?" Nilitazama maneno yako pale ukutani. 'Unusual' lilikuwa dogo mno, 'odd' angelicheka. Nikasema, "Abnormal, sir."

Hakucheka. Aliandika, akaniambia, "Sasa umejifunza kuchagua."

Majibu yamerudi kwa mtumbwi wa serikali. Mtu yule apelekwe kwa daktari, na kutoka huko hospitali ya wagonjwa wa akili, bara. Lori litakuja kumchukua njia ikikauka. Njia ya ng'ombe itapita. Na Bwana Shauri ameniandikia barua nzuri ya Galole, nimeiona kwa macho yangu.

Nilidhani nitafurahi.

Wasalimie nyumbani.

Dhadho


Ribe, 20 Novemba 1951

Dhadho,

Barua hii sitaiachia posta. Namkabidhi Iha, muuza tumbaku, ambaye anapita Malindi na kuingia kwa mtumbwi kutoka Kipini. Ile yangu ya Oktoba labda iko ndani ya gunia mahali fulani, imelowa. Utaisoma ikifika, ingawa imechelewa.

Mtu yule ni Kadii, dada yangu mimi na dada wa baba yako. Wewe hukutaja na mimi sikutaja, tukaachiana heshima hiyo miezi mitatu huku yeye amekaa juu ya dungu.

Sasa soma polepole.

Katika ukoo wetu kipande cha ardhi cha mtu huanza ukingoni na kwenda nyuma mpaka msituni. Mto ukihama, kipande hakifi. Lakini mwenyewe sharti apande katika mkondo uliokauka kila msimu, hata kama hapaoti kitu, ili wazee waone kwamba bado yupo. Misimu mitatu ikipita bila mbegu ardhini, ardhi inarudi kwa ukoo na kugawiwa mwingine. Jambo hili halitokei mara nyingi. Mimi mwenyewe nimeliona mara mbili tu maishani, ndiyo maana hukulijua. Wewe ulipokuwa mtoto mto ulikuwa umetulia.

Mto ulihama mwaka aliokufa baba yako. Wewe ulikuwa darasani kwangu. Kadii alikuja Ribe kwa miguu na kwa malori, ukamwona, ukadhani alikuja kwa matanga. Alikuja kuniuliza tufanye nini na kipande cha baba yako, Komora. Nikamwambia, "Mtoto arudi apande." Akasema, "Mtoto yuko shuleni. Mahali pake nitapashika mimi. Usimwambie mpaka amalize, maana akijua ataacha kitabu."

Kipande kile si chake, Dhadho. Mwanamke harithi kwa baba yake kwetu, na yeye anakula kwenye kishamba cha marehemu mumewe upande mwingine. Mbegu anazitoa kwenye chakula chake na kuzitia mchangani kwa jina lako. Nimehesabu misimu kumi na mmoja. Sasa najua pia kwa nini kibaba changu hakikuja. Mwaka huu alipanda na kile.

Ulimaliza shule mwaka wa arobaini na nane. Nilipaswa kukwambia siku ile ile. Sikukwambia kwa sababu nilitaka kuwa na karani katika ukoo wetu. Nilikuona umevaa kofia, nikaona haya kukupa jembe. Kwa hiyo neno lile halikuandikwa na wewe peke yako.

Nenda Kulesa.

Chande


Garsen, 19 Desemba 1951

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Barua zako mbili zimefika siku moja, ya Oktoba kwa posta na ya Novemba kwa mkono wa Iha. Nilisoma ya Novemba kwanza. Nilitoka ofisini bila ruhusa.

Maji yamejaa pande zote, ilibidi nipige pondo tangu Garsen. Nilimkuta juu ya dungu. Mkondo wa zamani ulikuwa na maji, Baba Mkubwa, ya magoti tu, ya rangi ya chai, yamezunguka miguu ya dungu. Kando yake alikuwa na leso iliyofungwa, ndani sufuria ndogo na nguo moja.

"Hodi, Shangazi."

"Karibu, karani. Umekuja na gari?"

"Nimekuja na mtumbwi."

"Basi gari litakuja na nani? Nimekwisha kumwambia jirani yangu Mwanatumu aangalie mbegu."

Alikuwa anajua, na alikuwa amejitayarisha kwenda. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile mbele ya Bwana Shauri. Alinitazama kama nimemuuliza jina langu.

"Nilisema. Niliwaambia wakuulize wewe. Shamba la nani? Mimi nilijua Chande amekwisha kukwambia zamani. Ulipogeuka na kusema Kizungu, nikajiambia, mtoto anaona haya mbele ya mgeni, atakuja baadaye." Halafu akasema, "Umekuja baadaye sana."

Nilipita kwa Mzee Tuneya, aliyekuwapo siku ile na wazee wengine. Nilimlaumu kwa kukaa kimya. Alikasirika.

"Mwenye shamba alikuwa amesimama pale pale," alisema, "ana kofia kichwani, anamweleza Mzungu mambo yake. Tumkatize mwenye shamba? Tulisema, wamekwisha kuamua kwao, wanaacha ardhi na wanamtoa mama yao. Ni ajabu, lakini ni kwao."

Nilirudi moja kwa moja kwa Bwana Shauri. Nilimwambia yote, desturi, kipande, na kwamba mwanamke yule ni shangazi yangu.

"Kwa hiyo ulinidanganya," alisema.

"Sikudanganya. Nilikuwa sijui."

"Mkalimani asiyejua ni mbaya kuliko anayedanganya." Kisha akaniambia kwamba karatasi iko kwa daktari, na ya daktari haifutwi na mtu mwingine. Ninaweza kuandika ya pili, ikisema ya kwanza haikuwa sawa na kwa nini. "Lakini ukiitia sahihi," alisema, "Galole usahau."

Nimetia sahihi. Aliitazama muda, akaitia yake chini.

Daktari ataletwa maji yakishuka. Mimi siruhusiwi kumtafsiria ndugu yangu, atatafsiri Wario. Tafadhali andika ushahidi wako kwa Kiingereza, mzee wa ukoo na mwalimu. Wako wataupokea.

Kofia nimeiweka sandukuni.

Dhadho


Ribe, 11 Januari 1952

Mwanangu,

Marahaba. Tumeanza mwaka. Mama Kabibi amepona kikohozi kwa majani yake, na sasa amezidi kiburi.

Ushahidi umo ndani ya bahasha hii. Ni mistari sita. Nilikaa nao siku nne, kwa sababu kila nilipoandika mkono ulikwenda kwenye maneno yale ya Agosti, na nikayafuta moja moja. Mwishoni sikutumia hata moja. Nimeandika kwamba alichofanya Kadii ni 'customary', yaani ni desturi, na kwamba mtu yeyote wa ukoo wetu mwenye mtoto shuleni angetarajiwa kufanya hivyo hivyo. Ulinitaka maneno ya mambo yasiyo ya kawaida, nami nilikupa kwa furaha, bila kuuliza kwanza kama jambo lenyewe ni la ajabu. Mwalimu huuliza hilo kabla ya kitu kingine.

Kingine nikwambie. Mimi pia nilikuwa na kipande, jirani na cha baba yako. Mto ulipohama sikumwambia mtu apande. Nilijiambia nina mshahara. Ulipofika mwaka wa arobaini na saba kilikuwa cha mwingine. Kadii alijitolea kushika vyote viwili, nikamwambia asijichoshe.

Niandikie daktari akija.

Chande


Garsen, 27 Machi 1952

Baba Mkubwa,

Shikamoo wewe na Mama. Sora ameoa, alikataa kualika watu wa ofisini, anasema tunasoma sana sahani za wenzetu. Mto umerudi ndani ya kingo zake.

Daktari alikuja mwezi wa pili. Nilikaa nje ya banda, lakini kuta ni za makuti, nilisikia. Alimuuliza ni mwezi gani. Shangazi akajibu, "Mwezi wa kupalilia, na ninyi mnanichelewesha." Alimuuliza kama anasikia sauti za watu wasiokuwapo. Akasema anasikia watoto wanaomwimbia, nao wapo, aende akawachape. Kisha akamuuliza kwa nini anapanda pasipo maji.

"Mtoto wa kaka yangu alikuwa shuleni," alisema.

Wario alitafsiri hivyo hivyo, hakuongeza neno. Daktari alisoma mistari yako, akaisoma tena. Nimeliona faili baadaye. Ameandika, 'Nothing unusual', na amepiga mstari chini yake.

Lori halitakuja. Njia ya ng'ombe bado haijaamuliwa. Vigingi viko kwa chifu, vimefungwa kwa kamba ile ile ya Shangazi. Huenda vikarudi, sijui. Galole amepewa mtu kutoka Lamu. Mimi nimepelekwa kivukoni kuandika vibali vya mifugo, nasimama juani na Warsame ananiletea chai na pole zake. Nimechoka, lakini nalala.

Yale maji ya mkondo yalikaa siku tisa, yakaondoka. Mpunga ulioota uliungua nusu. Tulichovuna kinajaa kapu moja tu, tena dogo.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kupanda msimu huu mwenyewe. Wazee walikuja kuona, kama desturi, wakakaa ukingoni. Shangazi alisimama nyuma yangu na kucheka mpaka akaketi.

"Tazameni, anapanda kama anapiga taipu! Mistari imenyooka, mbegu zote ziko juu!" Akanisukuma kwa goti. "Chimba, karani. Hapana Mzungu wa kusoma hapa."

Mzee Tuneya alisubiri mpaka kishimo cha mwisho. Kisha akasema, "Tumemwona mwenyewe," wakaondoka. Shangazi alishuka mtoni kunawa. Hakupanda juu ya dungu.

Iha anakuletea kibaba chako. Ni cha mkondo mkavu.

Dhadho


Ribe, 14 Aprili 1952

Mwanangu Dhadho,

Marahaba. Mchele umefika, na Iha hakuuiba ila kidogo. Mama Kabibi aliuchagua juu ya ungo, akasema una mchanga mwingi. Nikamwambia aupike nao.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na sina neno la kukufundisha. Ni mara ya kwanza.

Kadii mwambie nimeupokea ujumbe wake, ingawa hakutuma ujumbe wowote. Mwambie pia nimemaliza kazi ya kukaa kibarazani. Iha ananiwekea nafasi mbele ya lori mvua ikipungua, na kutoka kivukoni mtanipeleka kwa mtumbwi, maana huwezi kuniamini kwa miguu. Ardhi yangu ilikwisha kwenda, kwa hiyo nitakuja kwenye yako kama mgeni, nifanye siku moja tu, vishimo vichache, nikiwa nimeketi.

Niwekeeni jembe jepesi.

Chande